Somo: Kuchungulia silinda kwa kamera ya kebo kabla ya kufungua injini

Fundi akikwambia injini ifunguliwe, mwombe muichungulie kwanza. Kufungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, si kazi ndogo: gasketi mpya (karatasi ya kuziba kati yake na injini), mara nyingi na boliti mpya, na ukifunga vibaya umeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Kamera ya kebo, ile nyembamba inayochomekwa kwenye simu, inapita kwenye tundu la plagi, ile inayotoa cheche, na kukuonyesha mengi ambayo zamani hukuyaona mpaka injini iwe vipande mezani.

Ukinunua, angalia unene wa kichwa kabla ya kitu kingine. Plagi za magari mengi zina uzi wa milimita 14, lakini zipo za 12 na hata za 10, kwa hiyo kichwa cha milimita 5.5 kitakufaa kuliko cha 8. Namba kubwa za ubora wa picha zisikubabaishe. Kinachoudhi kwenye hizi za bei nafuu ni umbali: ukiisogeza karibu mno na kitu, picha inakuwa ukungu mtupu. Ukipata yenye lenzi mbili, moja mbele na moja ubavuni, ichukue hiyo. Vile vioo vidogo vya kuchomeka kwenye kichwa ili uone pembeni mimi sivipendi. Kimoja kiliwahi kunidondokea ndani ya silinda, tena hakikuwa cha chuma cha kunaswa na sumaku. Nilikitoa kwa kufunga mrija mwembamba kwenye mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi, jasho likinitoka.

Sasa kazi yenyewe.

1. Injini ipoe kabisa. Kamera haivumilii joto la injini iliyotoka barabarani, na plagi ikifunguliwa kwenye hedi ya alumini yenye moto inaweza kuondoka na uzi wake. Chomoa waya hasi wa betri, mtu asije akapiga stata kamera ikiwa ndani.

2. Puliza vumbi kwenye visima vya plagi KABLA ya kulegeza plagi. Punje ya mchanga ikiingia, umetengeneza mkwaruzo wako mwenyewe.

3. Toa plagi zote na uzipange kwa namba za silinda. Plagi iliyolowa oili imeshakwambia uanzie wapi.

4. Weka soketi kwenye boliti ya puli ya krenki (shafti kuu ya injini), uzungushe kwa mkono kufuata mwelekeo wa injini, mpaka pistoni unayotaka kuangalia ishuke chini. Mrija mrefu wa plastiki uliosimamishwa juu ya pistoni utakuonyesha inavyoshuka. Usitumie bisibisi.

5. Ingiza kamera, punguza taa yake, na piga picha sehemu zilezile kwa kila silinda: juu ya pistoni, ukuta kuzunguka, halafu valvu (milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi). Usiruke silinda unayodhani ni nzima, maana hiyo ndiyo kipimo chako. Picha ya silinda moja peke yake haisemi kitu. Ziweke za silinda zote pamoja uone ipi haifanani na wenzake.

Kwenye ukuta wengi hudanganyika. Ile mistari myembamba inayokatana ni ya kiwandani, kazi yake kushika oili. Mara ya kwanza kuiona nilimwambia mwenye gari silinda imekwaruzwa, kumbe iko salama. Mkwaruzo wa kuogopa huenda wima, juu hadi chini, na mara nyingi umeifuta mistari hiyo. Hata huo usikutishe upesi: kamera inakuza, na kitu ambacho ukucha hauwezi kukihisi, kwenye simu kinaonekana kama mfereji.

Juu ya pistoni, masizi makavu yaliyoenea sawasawa ni kawaida. Pistoni moja ikiwa imetakata huku nyingine ni nyeusi, shuku maji. Maji yakipenya kwenye gasketi yanageuka mvuke, na mvuke unaosha masizi. Niliwahi kupewa gari lililokuwa likipunguza maji ya rejeta bila tone kuonekana chini. Pistoni tatu kati ya nne zilikuwa nyeusi tii, iliyobaki, ya tatu kutoka mbele, imeng'aa upande mmoja. Jioni tukapampu presha kwenye rejeta tukaiacha. Asubuhi kamera ikaonyesha tone limening'inia ukutani, karibu na juu. Hapo hata mwenye gari hakuhitaji maelezo.

Ukiona alama za mwezi mchanga juu ya pistoni, zenye kingo kali, valvu ziliwahi kugonga, pengine mkanda wa taiming ulikatika. Usizichanganye na vibonde laini vya kiwandani. Valvu ya ekzosi iliyoungua utaijua kwa ukingo ulioliwa, au kipande cha duara chenye rangi tofauti na kwingine.

MASWALI

Mkuu, asante kwa somo. Juu ya pistoni yangu kumelowa oili. Ni ringi au sili za valvu?
Angalia imelowa wapi. Ikiwa ukingo wa pistoni umeoshwa kuzunguka pande zote, anza kushuku ringi, yale mapete yanayoizunguka pistoni. Ikiwa oili imegandia nyuma ya valvu ya kuingiza hewa na upande huo wa pistoni, sili, vile vimpira vya kuzuia oili isipite kwenye valvu, zinahusika. Ikiwa pistoni yote imelowa, kamera peke yake haitaamua.

Kaka, gari langu ni la dizeli, halina plagi. Napitia wapi?
Tundu la plagi ya joto, au la nozeli ukiitoa. La plagi ya joto huwa jembamba sana, kamera ya kawaida inaweza isipite kabisa. Pima kwanza, usiilazimishe. Ikikwama ndani utaijutia.

Fundi, kompreshen (mgandamizo wa hewa) ya silinda ya pili iko chini lakini kwenye kamera sioni kitu. Kamera yangu mbovu?
Kamera ni nzima, dada. Ringi iliyonata haionekani kutoka juu, na valvu isiyokaa vizuri kidogo tu haionekani pia. Peleka pistoni hiyo juu kabisa, valvu zote zikiwa zimefunga, zuia krenki isizunguke, kisha ingiza hewa ya kompresa taratibu kupitia tundu la plagi na usikilize. Ikivuma kwenye mfuniko wa oili ni ringi. Kwenye ekzosi, valvu ya ekzosi. Kwenye njia ya hewa, valvu ya kuingiza. Mapovu kwenye rejeta, gasketi au hedi yenye ufa. Ukishajua upande, rudisha kamera uangalie hapo tena, safari hii ukiwa unajua unachotafuta.