Kupanga idadi ya miche na mwaka wa kupunguza misindano kwa hesabu

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukaa na shemeji yangu, mwenye ekari 4 za misindano Mufindi, tukitafuta mwaka wa kuvuna. Lahajedwali ya kawaida inatosha.

Hatua ya 1. Andika gharama zote pamoja na mwaka wa kila moja. Nafasi ya mita 3 kwa 3 huchukua miche 1,111 kwa hekta. Ya mita 2.5 kwa 2.5 huchukua 1,600.

Hatua ya 2. Weka bei kwa unene wa gogo. Faida kubwa ya kupunguza, yaani kukata baadhi ya miti kabla ya mavuno, ni kwamba miti inayobaki hunenepa, na ukitumia bei moja kwa kila mita ya ujazo, hesabu haitauona unene huo hata kidogo.

Hatua ya 3. Linganisha mizunguko, yaani miaka kutoka kupanda hadi kuvuna, kwa thamani ya ardhi. Hapa tulipoteza jioni mbili. Tuseme faida ya mzunguko mmoja, ikirudishwa kwenye thamani ya leo kwa riba ya asilimia 8, ni shilingi 1,500,000 kwa hekta ukivuna mwaka wa 12, na 1,800,000 ukivuna mwaka wa 18. Shemeji alichagua 18, akasahau kwamba anayevuna mapema hupanda tena huku ardhi ya mwenzake ikiwa bado imeshikwa. Kanuni aliyoitoa Mjerumani Martin Faustmann mwaka 1849 huondoa kosa hilo: chukua 1 gawanya kwa 1.08 (yaani 1 pamoja na riba ya asilimia 8) iliyozidishwa kwa yenyewe mara nyingi kama miaka ya mzunguko, toa jibu kwenye 1, kisha gawanya faida kwa kilichobaki; jibu ndilo thamani ya ardhi kwa hekta. Kwa miaka 12 utagawanya kwa 0.603 na kupata takriban 2,488,000. Kwa miaka 18 utagawanya kwa 0.750 na kupata takriban 2,400,000, na mshindi amebadilika. Angalia pia riba yenyewe, kwa sababu bei zikiwa za leo ni lazima mfumuko wa bei uondolewe: mkopo wa asilimia 15 penye mfumuko wa asilimia 5 ni 1.15 gawanya kwa 1.05, yaani karibu 1.095, au riba ya karibu asilimia 9.5.

Hatua ya 4. Jaribu kila mchanganyiko wa nafasi, mwaka wa kupunguza, sehemu ya kuondoa na mwaka wa kuvuna. Napendelea kuorodhesha yote kuliko kuiachia programu itafute yenyewe, kwa kuwa orodha huonyesha pia mipango inayokaribia ule bora, na mkulima huweza kuchagua unaolingana na ada za watoto wake.

Hatua ya 5. Kila baada ya kupunguza, pima vipenyo upya kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, kisha rudia hatua ya 3.