SOMO: Kuotesha ua la jioni kwa mbegu (inbox imejaa, someni hapa)

Wakuu, kila wiki mtu ananifuata inbox "mbegu zako hazioti", basi naandika mara moja tu. Ni Oenothera biennis, lile la njano lenye petali nne, linafunguka jioni, linanukia kwa mbali kama limau na linalika.

1. Chagua sehemu yenye jua, maji yasituame.
2. Lainisha udongo, mwagilia KABLA ya kusia.
3. Tawanya mbegu juu juu, USIFUKIE. Hapa ndo niliumbuka. Nilizifukia kama mahindi, nikamwagilia mwezi mzima, kimya. Kwa hasira nikapiga jembe nipande mboga, wiki tatu mbele vimiche vikajaa katikati ya mboga! Kumbe zinataka mwanga ndo ziamke. Zigandamize tu kwa kiganja, na maji pulizia, ukimwaga na ndoo zote zinasombwa zinarundikana pembeni.
4. Punguza miche, acha sm 30.
5. Subiri. Mwaka wa kwanza ni majani tu yamelala chini kama sahani. Baridi ikipita ndo linarusha shina. Usiling'oe!

MASWALI

— Mkuu nimefukia kidogo tu, mbona kimya?
Namba 3.

— Langu lina miezi saba hata ua moja hamna, mbegu feki hizi.
Namba 5. Feki ni haraka yako.

— Samahani kaka, mbegu zikikaa miaka mitatu zinafaa? Na tunakula nini hasa?
Swali zuri dada. Sia tu. Kuna Mmarekani, William James Beal, alifukia mbegu za mimea mbalimbali kwenye chupa mwaka 1879, na mwaka 1960 za ua hili bado ziliota, yaani zikikosa mwanga zinalala tu. Kula petali na vitumba kwenye saladi, mzizi wa mwaka wa kwanza unachemshwa, ila onja kidogo kwanza, una ukali unaokwaruza koo. Lililopuliziwa dawa usiguse.

— Naweza kuhamisha?
Likiwa dogo. Likikua mzizi umeshazama kama karoti, utaukata.

— Mi nakaaga na kiti giza likianza, kitumba kinatetemeka halafu pwaa, kimefunguka unaona kwa macho, nondo hao!
Hahaa umenikumbusha. Jamani kateni maganda kabla hayajapasuka, mimi nilichelewa, sasa nang'oa mpaka kwenye nyufa za sakafu.