Kupanga nyaraka za kikundi cha wanawake bila kuwaanika waliomo

Umeletewa maboksi ya kikundi cha zamani cha ukombozi wa wanawake, au cha wasagaji, na ndani yake mna mihtasari ya vikao, vijarida vilivyochapwa kwa stensili, mabango, kaseti na picha zisizo na majina. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na bado kila boksi nalifungua taratibu. Wengi waliomo humo walijificha, na walikuwa na sababu.

Hatua ya 1. Kaa na aliyeleta kabla ya kugusa chochote. Muulize nani alichapa, nani alihariri, nani bado yu hai, na kila mmoja aliandika kwa jina gani. Andikianeni mkataba unaosema kipi kitasomwa na watu wote, kipi kitafungwa, na hadi lini.

Hatua ya 2. Usipange upya. Piga picha kila boksi lilivyokuja, kisha weka namba kwenye mafaili kwa penseli. Niliwahi kukuta risiti za karatasi na wino zimebanwa pamoja na barua za wasomaji waliojitoa kwa hasira juu ya makala moja. Ningezitenganisha, nisingejua kwa nini toleo lililofuata lilichelewa.

Hatua ya 3. Ondoa vyuma. Pini ya stepla yenye kutu hula karatasi. Geuza kijarida, pitisha kipande chembamba cha plastiki chini ya miguu ya pini, inyooshe miguu hiyo, kisha ivute pini kutoka mbele polepole. Selotepu usiiguse kabisa, wala usitie karatasi nailoni ya moto. Kaseti, vunja vijiulimi viwili vya plastiki vilivyo kwenye ukingo wake wa juu kabla ya kuicheza, isije ikarekodiwa juu.

Hatua ya 4 ni majina, na hapa usiwe na haraka. Jarida la The Ladder, la Daughters of Bilitis, chama cha wasagaji cha San Francisco, Marekani, lilianza Oktoba 1956, na mhariri wake, Phyllis Lyon, mwanzoni alitumia jina la Ann Ferguson. Baadaye alijitokeza mwenyewe hadharani, kwa hiyo katika orodha unaweza kuandika majina yote mawili. Ambaye hakujitokeza, mwache na jina lake la kubuni, hata kama wewe unamfahamu.

Halafu geuza ukurasa wa mwisho. Vijarida vingi vilikunjwa na kutumwa kwa posta bila bahasha, na anwani ya msomaji ikabandikwa pale pale nyuma. Ukiskani ukurasa huo na kuuweka mtandaoni, umetangaza nani alikuwa akisoma nini na aliishi wapi. Tengeneza nakala mbili: moja kamili, ifungwe, nyingine yenye anwani iliyozibwa, isomwe. Fanya hivyo hivyo kwa karatasi za mahudhurio na namba za simu zilizoandikwa pembeni.

Hatua ya 5. Andika maelezo kwa maneno yao. Kama walijiita wasagaji, andika wasagaji, usiwageuze "marafiki wa karibu". Ambaye hakujiita hivyo, usimbandike. Toleo lisilo na tarehe, tazama muhuri wa posta na matangazo ya mikutano, kisha andika mwaka unaoukisia kwenye mabano pamoja na alama ya kuuliza.

Hatua ya 6. Skani kwa nukta 400 kwa inchi, hifadhi faili la TIFF (aina ya faili la picha lisilopoteza ubora), na weka nakala tatu, moja iwe jengo jingine. Haki miliki usiipuuze: kwa kawaida makala ni mali ya aliyeiandika, si ya kikundi. Spare Rib, jarida la ukombozi wa wanawake lililochapishwa Uingereza kuanzia 1972 hadi 1993, liliwekwa mtandaoni na British Library, maktaba ya taifa ya huko, mwaka 2015, likaja kuondolewa baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, kwa kuwa kifungu cha sheria kilichoruhusu kutumia kazi ambazo wenyewe hawajulikani hakikutumika tena. Tafuta waandishi mmoja mmoja, uwaombe ruhusa kwa maandishi. Inachosha, lakini ifanye.

Kuhusu mahali, usidhani lazima pawe pakubwa. Lesbian Herstory Archives, hifadhi ya nyaraka za wasagaji ya New York, ilianzishwa mwaka 1974 na kwa miaka mingi ilikaa katika fleti ya Joan Nestle, mmoja wa waanzilishi wake.

Orodha ikishakamilika, msomee aliyeleta maboksi kwa sauti, mstari kwa mstari, na penseli yako iwe mkononi. Atakuzuia mahali, akuambie jina hilo tulifunge kwanza.