Kulitunza Mercedes C200 Lililotumika: Kazi ya Mwaka wa Kwanza

Bei ya kununulia Mercedes-Benz C200 Kompressor ya mwaka 2008 imeshuka hadi kukaribiana na ya gari dogo la kawaida, lakini bei ya spea zake haikushuka pamoja nayo. Hapo ndipo wanunuzi wengi hukwama: fedha yote huishia kwenye gari, ushuru na usajili, na siku taa ya injini inapowaka hakuna kilichobaki. Kwa maoni yangu, asiyeweza kutenga angalau moja ya tano ya bei ya gari kwa ajili ya mwaka wa kwanza anunue gari la bei ya chini zaidi. Ninalo moja la aina hiyo, lililofika Dar es Salaam kutoka Japani, na maelezo haya yanalihusu hilo, ingawa mengi yake yatamfaa pia mwenye BMW au Audi ya umri huo.

Kanuni ya kuanzia ni kuchukulia kwamba hakuna kilichofanywa kabla yako. Kitabu cha sevisi cha Kijapani kinaweza kuwa cha kweli kabisa, lakini hakielezi gari lilikaa muda gani bandarini na kwenye yadi bila kuwashwa, wala nani aliongeza maji gani kwenye rejeta. Katika mwezi wa kwanza lipeleke likapimwe kwa kompyuta, upige picha misimbo yote ya hitilafu kabla haijafutwa, kisha ubadilishe oili ya injini, oili ya giaboksi, mafuta ya breki, kulanti (kimiminika cha kupozea injini) na filta zote. Fungua daftari siku hiyohiyo, uandike tarehe, kilomita na kilichobadilishwa.

Unaponunua oili ya injini usiishie kwenye jina la kampuni wala namba ya uzito kama 5W-40. Geuza chupa utafute idhini ya MB 229.5, yaani kiwango cha oili cha Mercedes-Benz wenyewe. Muda wa kuibadilisha uliowekwa na kiwanda ni mrefu, lakini gari linaloshinda kwenye foleni ya barabara ya Bagamoyo hutembea kilomita chache huku injini ikizunguka kwa saa nyingi, kwa hiyo mimi hubadilisha kila kilomita 7,000. Injini hii, inayoitwa M271, ina cheni ya taiming, inayozungusha kamshafti (fito zinazofungua vali za injini), ambayo hurefuka kadiri inavyochakaa, pamoja na meno ya kamshafti yanayolika, na oili iliyochoka huharakisha maradhi hayo. Ukisikia mlio wa kugongagonga kwa sekunde chache unapoliwasha asubuhi, usisubiri uwe wa kutwa nzima, maana cheni ikiruka meno utakuwa unanunua injini.

Udhaifu wake wa pili haupigi kelele. Mbele ya injini, juu, kuna sumaku mbili zinazorekebisha mkao wa kamshafti, na kila moja imechomekwa soketi ndogo ya waya. Fundi wangu alipoichomoa ya kwanza akaingiza ncha ya kitambaa cheupe, kitambaa kilitoka na doa la oili ya rangi ya chai. Oili hiyo hupenya ndani ya sumaku, ikatambaa ndani ya waya wenyewe kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, hadi ikafika kwenye kompyuta ya injini. Sumaku mbili na vipande vifupi vya waya vya kukinga ni gharama inayovumilika. Kompyuta si hivyo. Fanya jaribio hilo la kitambaa katika kila sevisi.

Giaboksi ya gia tano ya gari hili ina ugonjwa unaofanana na huo: soketi ya waya iliyo ubavuni mwake huvujisha oili kupitia mpira uliozeeka, na oili hupanda na waya hadi kwenye kompyuta ya giaboksi. Wakati wa kubadilisha oili, agiza soketi hiyo na mipira yake ibadilishwe pia. Usikubali maneno kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha yote. Kila kilomita 60,000 inatosha. Kijiti cha kupimia hakimo garini, bali fundi huwa nacho chake, na kipimo sahihi huchukuliwa oili ikiwa na joto la nyuzi 80. Anayekisia kwa macho mwambie aache.

Kuhusu joto la injini nitakuwa mkali kidogo. Kulanti ichanganywe nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa (distilled), si maji ya bomba, na hasa si maji ya kisima, ambayo sehemu nyingi za pwani yana chumvi na huacha magamba ndani ya rejeta. Fundi akikushauri uitoe themostati, yaani vali inayodhibiti mzunguko wa kulanti, eti kwa sababu kwetu ni joto, kataa. Bila themostati injini hukawia kufikia joto lake, huchoma petroli zaidi na kuchakaa upesi, na huku umeficha tu dalili ya rejeta iliyoziba au feni iliyokufa. Kipimo cha joto kikipanda kupita kawaida, simama kando ya barabara na uzime; usijipe moyo kwamba nyumbani ni karibu.

Tairi hazihitaji maneno mengi. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni: 3519 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Magari mengine ya Japani hufika na tairi za theluji, ambazo huenda zikawa na alama ya mlima na chembe ya theluji. Ni laini, na lami yetu ya moto huzila haraka. Bushi na shokapu zikaguliwe gari likiwa limeinuliwa, kwani matuta hayachagui nembo.

Anayeishi karibu na bahari, kama Kigamboni au Mbezi Beach, aoshe chini ya gari kila wiki kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Injini yenyewe isioshwe kwa mashine ya presha, hata kijana wa kuoshea magari akikupa ofa. Futa kwa kitambaa chenye unyevu.

Unapokwenda kununua spea Kariakoo, nenda na namba ya chesesi ya tarakimu na herufi 17 iliyo kwenye kadi ya gari, na umtake muuzaji atafute kwa namba hiyo, si kwa kuangalia picha. Tafuta pia fundi mmoja mwenye mashine inayosoma Mercedes kwa kina, umbakize huyohuyo, na udai kila kipande cha zamani alichokitoa.

Asubuhi, kabla hujawasha redio wala kiyoyozi, liwashe gari huku kioo kikiwa wazi na uhesabu hadi tano. Kama mlio umebadilika na wa jana, andika kwenye daftari na umpigie fundi kabla hujatoka getini.