Mpose wakaange bila kutia mafuta

Nimefundishwa na mama mmoja muuzaji wa Kisangani, na sasa sipiki vinginevyo. Mpose, yaani mabuu manene ya fukusi wa mchikichi, hawahitaji mafuta ya kununua. Waoshe wakiwa hai, mtoboe kila mmoja kwa ncha ya kisu upande wa mkia, wapange kikaangoni kwa safu moja, tia chumvi na maji kidogo ya kufunika chini tu. Moto uwe mdogo. Maji yakikauka utaona mafuta ya manjano yanajikusanya pembeni. Hapo wageuze mpaka ngozi iwe ya kahawia na ikauke.

Buu hujilimbikizia mafuta ya kumvusha mpaka awe mdudu kamili, ndiyo maana anajikaanga mwenyewe. Maji yanazuia ngozi isiungue kabla mafuta hayajatoka, na lile tundu linatoa mvuke asipasuke na kukurukia usoni. Mafuta yanayobaki usiyamwage! Kaangia kitunguu na pilipili, ule na kwanga, yaani mkate wa muhogo.

Njia hii haifai kwa mabuu wadogo: mafuta yao hayatoshi, watagandia. Ukiwarundika watachemka tu, hawatakauka. Aliyekwisha kufa na kuwa mweusi mtupe, na wa mchikichi uliopigwa dawa usiwanunue kabisa. Kama kamba wa baharini wanakuletea mzio, waache na hawa, kwa sababu protini zinazosababisha mzio huo zinafanana.