Kuomba residensi (mafunzo ya udaktari bingwa hospitalini) Marekani mkiwa wawili: pale orodha inapowaliza

Mimi na mke wangu tumeomba mara mbili. Mara ya kwanza tulikosa wote, na hatukuponzwa na alama za USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, bali na orodha ya kupanga programu za mafunzo tunazozitaka. Fomu za ERAS, mfumo wa mtandaoni wa kutuma maombi, mnazijua, sitazirudia.

Kuandika kwenye ERAS kwamba mnaomba kama wenza hakuwaunganishi. Kunazijulisha programu tu. Kuungana hasa ni NRMP, shirika linaloendesha Match, yaani mechi ya kompyuta inayowalinganisha madaktari na programu: kila mmoja anajisajili, mmoja anatuma ombi, mwenzake analikubali, na kila mmoja analipa ada ya wenza juu ya ile ya kawaida. Cheti cha ndoa hakiulizwi, hata marafiki wawili wanaruhusiwa. Ombi la mke wangu lilikaa siku tisa bila jibu kwa sababu mimi nilikuwa nasubiri barua pepe iliyoangukia kwenye taka. Na kama mmoja wenu anataka urolojia au macho, hizo zina mechi zao nje ya NRMP, hapo hamwezi kuungana kupitia NRMP.

Usaili ukianza, msikae kimya. Mmoja akiitwa mji fulani, mwingine aandikie programu za mji huo huo: mistari minne, mwenzangu kaitwa wapi na lini, basi. Mratibu mmoja alinijibu kwa jina la mtu mwingine kabisa, lakini nafasi ya usaili nilipewa, sikulalamika.

Sasa orodha. Ya wenza ni ya jozi: mstari wa kwanza wako unakwenda na mstari wa kwanza wa mwenzako, wa saba na wa saba, na idadi lazima ilingane. Kompyuta inashuka mstari kwa mstari mpaka ikute jozi ambayo nyote mmepata. Mmoja akikosa, mstari huo umekufa kwa wote wawili, hata kama mwingine alikuwa anasubiriwa kwa mikono miwili.

Mwaka wa kwanza tuliweka jozi 14, kila jozi ikiwa ya sisi wote kuwa mji mmoja. Mapenzi hayo! Kompyuta ilifika mwisho, ikasimama. Jumatatu ya wiki ya Match tukasoma kwamba tumekosa, tukaingia SOAP, awamu ya kugombea nafasi zilizobaki, ambako mambo ya wenza hayapo: kila mtu na simu yake, yeye jikoni, mimi kwenye ngazi.

Mwaka wa pili yeye alikuwa na programu 11 za magonjwa ya ndani, mimi 8 za watoto. Hizo ni jozi 88. Tuliziandika zote kwenye Excel, tukaongeza safu ya saa za kuendesha gari. Je, Detroit pamoja kwenye programu msiyoipenda, au mmoja Chicago na mwingine Cleveland? Jibuni mapema, siyo wiki ya mwisho wa kufunga.

Chini ya jozi hizo kuna mistari ambayo mmoja anapata na mwingine anawekwa "hakuna". Kwetu ilikuwa 19. Hii ndiyo tuliyoiruka mwaka wa kwanza, kwa sababu lazima mseme nani aende kwanza. Mke wangu aliandika programu yake juu, akanitazama, akaifuta. Chai ilipoa. Tuliimaliza kesho yake. Orodha ndefu inalipiwa zaidi, lipeni.

Kila mmoja athibitishe orodha yake, na ukigusa hata mstari mmoja, thibitisha upya. Mlango unafungwa saa tatu usiku kwa saa za mashariki ya Marekani; msisubiri saa mbili na nusu.

Wa viza ya J-1 (ya wageni wa programu za kubadilishana): barua ya Wizara ya Afya ya nyumbani hutolewa kwa mtu, si kwa ndoa. Fuatilieni mbili.

Sisi tuliangukia mstari wa 31: yeye Milwaukee, mimi Chicago. Treni ni kama saa moja na nusu.