Kijana anapotaka kufa: la kufanya wakati daktari yuko mbali

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na mwaka 2021 asilimia 73 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mara nyingi huko daktari wa akili yuko mbali, hivyo anayeanza kusaidia ni mzazi, mwalimu au shangazi.

Kauli za kushtukia ni kama “nimewachosha”, “mtapumzika nikiondoka”. Angalia pia kijana anayegawa vitu anavyovipenda, anayeficha mikono hata kwenye joto, au anayetulia ghafla baada ya wiki za huzuni. Ukijua aliwahi kujaribu, usingoje dalili nyingine.

Mkae wawili, kisha uliza waziwazi: “Una mawazo ya kujiua?” Kuuliza hakumpandikizii wazo. Kinachoharibu ni swali kama “Huwazi mambo ya kijinga, sivyo?”, maana linamfundisha kujibu hapana. Akikubali, endelea: amepanga namna gani, anacho cha kutumia, lini? Mwenye mpango na nyenzo asiachwe peke yake hata kidogo. Afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Usimwahidi kutunza siri, na usimhubirie. Viboko ndiyo usithubutu kabisa.

Wapo wanaojikata ili kupunguza maumivu ya moyo, bila nia ya kufa. Osha jeraha, lifunge, halafu uliza swali lilelile, kwa sababu anayejidhuru yumo katika hatari kubwa zaidi ya kujiua baadaye. Kusema “anatafuta kuonewa huruma” kunamfanya afiche tu.

Hatua ambayo familia nyingi huiruka ni kuondoa nyenzo. Hamu ya kufa hupanda na kushuka, wakati mwingine ndani ya saa chache, na kijana asipopata kitu hatari katika muda huo anaweza kuvuka. Sri Lanka ilipiga marufuku hatua kwa hatua viuatilifu (dawa za shamba) vikali zaidi, na tangu 1995 kiwango cha kujiua kilishuka kwa takriban asilimia 70. Kwa hiyo dawa za shamba zitoke nyumbani kabisa, zikawekwe kwa mtu mzima mwingine. Kufuli husaidia, ila watoto wa nyumba hujua funguo zinapokaa. Dawa za hospitali ashike mtu mzima na kumpa dozi moja moja.

Kisha aandike mpango wa kujilinda kwenye karatasi, kwa maneno yake mwenyewe: dalili kwamba hali inaanza, anachoweza kufanya akiwa peke yake, watu wa kukaa nao, namba za watu wazima wawili wanaopokea simu usiku, na kituo cha afya kilicho karibu. Ukimwandikia wewe, hataufuata.

Akiwa tayari amekunywa kitu, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta. Mkimbize hospitali pamoja na chupa au pakiti, hata akidai yuko sawa. Sumu nyingine huchelewa kuonyesha dalili. Mwambie mhudumu ukweli. Baadhi ya nchi bado zinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai (Ghana na Malaysia ziliondoa kosa hilo mwaka 2023), na hofu ya polisi hufanya ndugu waseme “amekunywa kwa bahati mbaya”. Mhudumu akiamini hivyo, atamtibu sumu na kumruhusu bila kumuuliza lolote.

Wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali ni za hatari sana, na ndipo ndugu hulegea. Kabla hamjaondoka, ombeni tarehe ya kurudi isiyozidi siku saba. Nyumbani, muulize tena swali lilelile kila baada ya siku chache. Shuleni, mkubaliane na mwalimu mmoja atakayempokea, na kijana mwenyewe aamue wenzake waambiwe nini.